Miwani ya Baba na Maksai wa Mzee Wambura

Juzi nilikuwa natafuta kifungo cheupe cha sare ya binti yangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mugumu, na fundi kukosa kifungo nyumbani kwake ni aibu ambayo sikutaka majirani waijue. Nilimaliza droo zote, mwisho nikapanda stuli nikashusha kopo la zamani la majani ya chai, nililolichukua kwetu baada ya msiba wa Baba. Nilipolifungua, kabla sijaona chochote, harufu ikanijia: samli, moshi wa kuni, na ile tumbaku aliyoapa mbele ya mchungaji kwamba ameiacha. Chini ya vifungo na misumari ilikuwepo miwani yake.

Ilikuwa imefungwa kwa kipande cha kitenge. Mguu mmoja ni wa dukani, mwingine ni waya alioupinda mwenyewe kwa koleo. Nikavua yangu, nikaivaa yake, nikatazama nje. Bango la duka la ng'ambo ya barabara likasomeka herufi moja moja. Nilicheka peke yangu, halafu nikakaa kwenye kiti cha cherehani nikalia kidogo. Wapo wanaorithi ng'ombe na viwanja. Mimi nilirithi macho.

Kwetu ni upande wa Robanda, mahali ambapo mashamba yanaishia na wanyama wanaanzia, ingawa wanyama wenyewe hawakuwahi kuutambua mpaka huo. Mtama ukianza kutoa mashuke, watoto tulipanda dungu, jukwaa la miti lililosimama katikati ya shamba, tukalinda tangu asubuhi. Kazi ilikuwa kutazama mbali na kupiga debe. Kaka yangu Mwita, aliyenizidi miaka miwili, aliisoma nyika bila hata kuacha kutafuna muwa wake. "Pundamilia wanne. Wale pale swala. Kule kuna mama na mzigo wa kuni, nadhani ni Mama Nyangi."

Mimi huko nilichokiona ni rangi. Kijani chini, buluu juu, na katikati kitu kama maziwa yaliyomwagika. Sikujua kwamba hiyo ni kasoro. Niliamini mbali ni ukungu kwa kila mtu, na kwamba kuona mbali ni mchezo wa kubahatisha ambao Mwita alikuwa na bahati nao. Basi na mimi nikabahatisha. "Nyumbu saba," nilitangaza kwa sauti ya mtu mzima. Mwita alitazama huko, akanitazama mimi, akasema, "Hivyo ni vichuguu, Robi." Nikajiambia kesho bahati itakuwa yangu.

Tabu yangu kubwa ilikuwa salamu. Kwetu mtoto akimpita mkubwa bila kumpa shikamoo amewatukanisha wazazi wake, na mimi niliwapita wengi, kwa sababu mtu hakuwa mtu mpaka awe hatua chache kutoka puani kwangu. Maneno yakaanza kwamba binti wa Baba Mwita ana kiburi. Nikajitafutia dawa: kila kilichosimama wima njiani, nilikisalimia. Nilisalimia visiki. Nilisalimia sanamu ya kutishia ndege katika shamba la jirani yetu, Mzee Wambura, wiki nzima, nikaudhika kwamba haiitikii. Siku moja nilitoa shikamoo kwa heshima zote, goti limekunjwa, mbele ya nyani. Mwita aliisimulia habari hiyo mpaka nikatamani kuhama kijiji.

Baba hakuwa na tabu hiyo. Yeye alikuwa mtu mzima. Watu ndio waliotangulia kumsalimia, naye akaitambua sauti, akaitikia kwa jina. Zaidi ya hapo alikuwa na sifa iliyovuka kijiji chetu ikafika Ikoma na kwingineko: alikuwa mtu aliyemfukuza tembo kwa maneno. Kisa chenyewe kilitokea kabla sijazaliwa. Alfajiri moja tembo aliingia kwenye mtama. Wanaume wakatoka na madebe, wakasimama mbali kama inavyompasa mtu mwenye akili. Baba akapita katikati yao na fimbo yake, akamwendea yule mnyama karibu kabisa, akamkaripia: "Toka hapo. Nenda kwenu, ukamwambie mwenyewe afunge zizi." Tembo akapiga masikio, akafikiri, akageuka akaenda zake. Tangu hapo Baba alipewa kiti cha mbele kwenye vikao, na hakuna posa iliyopelekwa popote bila yeye kuwemo. Watu walisema "mwenyewe" ni hifadhi, na "zizi" ni ile mbuga nzima, wakazidi kumheshimu.

Nilimwabudu. Nilimwona akitazama mbali, macho ameyabana mpaka yamekuwa mistari miwili, nikajua hivyo ndivyo macho ya shujaa yanavyokaa. Nami nikajizoeza kuyabana. Nilipogundua kwamba nikiyabana ule ukungu unapungua kidogo, niliamini ushujaa umeshaanza kuniingia.

Mama yangu ni mtu wa Tarime, kule juu kwenye baridi na migomba, na alikuja kwetu na kicheko chake. Jioni Baba akianza hotuba zake uani, Mama alisimama kwenye mlango wa jiko akimwiga: mashavu ameyavimbisha, macho ameyabana, midomo ameibinua, kidole kinachoma hewa. Mwita na mimi tulijiuma midomo mpaka machozi yakatutoka. Baba alikuwa anamtazama moja kwa moja na hakasiriki. Nilimhesabu kuwa mume mvumilivu kuliko wote wilayani.

Bibi, mama yake Baba, ndiye hakuwa na uvumilivu. Kwake kulikuwa na sheria moja iliyopita zote: mtoto mchanga, tangu siku ya saba, alazwe kwenye ngozi ya ng'ombe uani na aoteshwe jua la asubuhi, mpaka kivuli cha ghala kiguse mlango. Asiyeoteshwa jua atakuwa na mifupa ya mlenda. Mimi nilizaliwa masika, mvua ikanyesha wiki baada ya wiki, na Mama akaniweka karibu na mafiga nipate joto. Bibi hakusahau. Nikijikwaa, ni jua. Nikipita watu bila salamu, ni jua. "Huko Tarime wanalea watoto kama uyoga," alikuwa akisema, bila hata kupunguza sauti.

Nilikuwa darasa la tatu nilipoyaharibu mambo. Mwita alikuwa ameshuka dunguni kwenda kunywa uji, na mimi nimebaki peke yangu na debe, nikaona kitu. Kilikuwa kikubwa, cheusi, kikija polepole kutoka upande wa hifadhi, pembeni kinapepea kama masikio. Moyo ulinijaa furaha. Hatimaye bahati imekuwa yangu. Nilipiga debe kama mwendawazimu, nikipiga kelele "Tembo! Tembo!" Kila nyumba ikatoka na madebe na mbwa, wakaenda mbio kule nilikoelekeza. Walichokuta ni wajumbe wanne wa kanisa, wote wanawake, waliojibana chini ya miamvuli miwili myeusi kukwepa jua, wakija kutualika kwenye mavuno ya kanisani. Mmoja alipoteza kiatu kwa kukimbia. Hakikupatikana hata baadaye.

Watu walicheka, lakini Bibi hakucheka. Jioni ile alikaa katikati ya uani, mbele ya jamaa na majirani, akasema lile alilokuwa amelitunza. Mama alikuwa mjamzito wakati huo, tumbo limeshaonekana. "Macho ya huyu yameharibiwa na mama yake," alisema Bibi. "Huyo anayekuja sitangoja aharibiwe. Akizaliwa atalala kwangu, nitamlea mwenyewe."

Nilimtazama Mama. Aliendelea kupepeta ulezi ingawa ungo ulikuwa umebaki na makapi tu. Nikamtazama Baba, mtu wa tembo, nikingoja aseme neno moja. Baba alikohoa, akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza nilimkasirikia. Na tangu jioni ile Mama hakusimama tena mlangoni kumwiga mtu. Hotuba za Baba zikawa ndefu na tupu, na mimi nikawa nalala nikijua kwamba mdogo wangu atachukuliwa kwa sababu nimeshindwa kutofautisha tembo na mwamvuli.

Haukupita muda mrefu, wataalamu wa macho wakatangazwa kuja kwenye zahanati. Mwalimu wangu, aliyeshachoka kuniona nikinakili ubao kutoka kwenye daftari la jirani, akatuma barua nyumbani kwamba nipelekwe. Tukaenda wanne: Baba, Mama, Bibi na mimi. Kijiji kizima kilikuwa kimejaa pale, mabenchi yamejaa, na wasio na nafasi walisimama nje wakiegemea madirisha yaliyokuwa wazi. Mzee Wambura alikuwa dirisha la kwanza.

Daktari alikuwa dada mwenye sauti ya taratibu. Alinionyesha ubao wenye alama zenye miguu mitatu, nikatakiwa kusema miguu imetazama wapi. Ya juu, iliyokuwa kubwa kama jembe, niliipata. Zilizobaki nikabahatisha kama nilivyozoea, mpaka akanishika bega akasema, "Mdogo wangu, hapa hatubahatishi." Akaniwekea fremu nzito usoni, akawa anatumbukiza vioo, kimoja kimoja. Kwenye kioo cha nne au cha tano niliona kwamba ukutani kulikuwa na mjusi. Nikageuka dirishani. Mti uliokuwa nje ulikuwa na majani, moja, na jingine, na jingine. Sikuwahi kujua kwamba majani ya mti yanaonekana moja moja ukiwa umekaa mbali nayo. Nilicheka kwa sauti, na watu wakafikiri nimechanganyikiwa.

"Vya karibu anaviona vizuri, vya mbali ndivyo asivyoviona," alisema daktari. "Katika familia kuna mwingine wa namna hii?"

"Hakuna," alijibu Bibi. "Ukoo wetu tunaona mpaka nchi ya pili. Huyu amekosa jua. Mama yake hakumwotesha."

Daktari hakumdharau, na hilo nampendea mpaka leo. "Bibi, jua ni jema, usiliache. Linamsaidia mtoto kupata vitamini D, mifupa inakomaa. Wapo wanaofikiri hata macho yanafaidika. Lakini macho ya hivi mara nyingi yanatembea kwenye damu, yanatoka kwa mzazi. Ndiyo maana nauliza. Nani mwingine haoni mbali?"

Mama alitazama mikono yake iliyokuwa juu ya tumbo. Baba akavua kofia, akaizungusha mkononi, akaivaa, akaivua tena.

"Andika mimi," alisema.

"Wewe nani?" Bibi aliuliza, kana kwamba amesahau aliyemzaa.

"Andika mimi, daktari. Macho ya mtoto huyu ni yangu. Tangu nizaliwe sijaona mbali. Na wewe, Mama, uliniotesha jua mpaka mgongo ukabambuka, unasimulia mwenyewe kila siku. Na bado sioni."

Bibi akapata pa kushika. "Na tembo je?"

Baba aliibana kofia yake kwapani. Alijua nani wako madirishani. "Nilidhani ni maksai wa Wambura," alisema. "Yule mweusi mkubwa, aliyekuwa akivunja zizi kila siku."

Halafu sauti ya Mzee Wambura ikaingia kupitia dirishani, pole pole, ya mtu anayepiga hesabu ya miaka. "Kwa hiyo, mura, aliyekuwa anaambiwa afunge zizi ni mimi?"

Walicheka wote. Waliokuwa nje waliwasimulia waliokuwa nyuma yao, kicheko kikaenda mpaka barabarani na kurudi. Daktari aliweka kalamu chini akafuta macho. Baba peke yake hakucheka. Aligeuka upande wa Mama, akabana macho ili amwone.

"Nisamehe, Mama Mwita. Nimekuacha ubebe mzigo wangu."

"Nilikuwa najua," alisema Mama.

"Tangu lini?"

"Unadhani ningethubutu kukubinulia midomo pale mlangoni miaka yote hii kama ungekuwa unaona?"

"Unanibinulia midomo?" aliuliza Baba, na kwa jinsi alivyouliza hata Bibi alishindwa kujizuia.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Mama kwa nini hakumtaja, hali yeye ndiye aliyekuwa anaumia. Alinijibu kwamba siri ilikuwa ya Baba, na mwenye mali ndiye anayeitoa. "Lakini kama angefika mpaka siku ya kujifungua hajasema," aliongeza, "ningeitoa kwa kipaza sauti." Namfahamu mama yangu, angekitafuta hicho kipaza sauti mpaka Mugumu.

Bibi hakuomba radhi, hakuwa na desturi hiyo. Ila kesho yake alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, akakiweka miguuni pa Mama. "Mtoto akija utamwotesha mwenyewe," alisema. "Lakini umwoteshe." Mama alimwotesha. Mdogo wetu alilala kwenye ngozi ya ng'ombe kila asubuhi, wanawake hao wawili wamekaa kila mmoja upande wake, wakipigania ni nani amfukuzie nzi.

Miwani ililetwa baadaye, yangu na ya Baba. Jioni ya kwanza Baba alikaa uani nayo, akaanza hotuba juu ya watu wanaoacha majembe mvuani. Mama akatokea mlango wa jiko na, kwa mazoea tu, akavimbisha mashavu na kubinua midomo. Baba akanyamaza katikati ya sentensi. Akainua kidole. "Hiyo nimeiona," alisema. Mama alikimbilia ndani na tukamsikia akicheka huko mpaka sufuria zikaanguka.

Na jina lake la tembo? Halikufa, liligeuka tu. Watu walikisimulia kisa chake kwa furaha zaidi kuliko zamani. Ila msimu uliofuata tembo alikuja tena, asubuhi kweupe, na wanaume wakasimama pembeni wakimtazama Baba. Nilikuwa dunguni, nina miwani yangu, niliona kila kitu. Baba alikwenda hatua kadhaa, akasimama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwona tembo alivyo: mapembe, makunyanzi, ukubwa ule wote. Halafu akaivua miwani, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, akaendelea kwenda mbele akipiga debe. Tembo aliondoka. Nilipomuuliza, alisema kazi nyingine haihitaji mtu aone sana.

Mwezi huu daktari wa hapa mjini amempima binti yangu Ghati, niliyempa jina la Mama, akakuta ni yale yale. Mume wangu alikuwa na hakika kwamba chanzo ni simu. Nilimuuliza daktari kuhusu jua la Bibi. Alisema wataalamu wamelihangaikia sana: wasioona mbali wengine hukutwa na vitamini D kidogo, lakini haijulikani kama ni hiyo vitamini yenyewe au ni ule mwanga wa nje tu, mtoto akicheza na kutazama mbali. Kilicho wazi ni kwamba kukaa nje kunamsaidia mtoto, na kwamba damu nayo ina lake. Nikawaza kwamba Mwita na mimi tulikaa dungu moja, jua moja, uji wa chungu kimoja. Yeye anahesabu swala na mimi nasalimia nyani. Lakini huyu wangu amekulia ndani, kati ya kitanda na cherehani, na huenda Bibi angekuwa na neno la kuniambia. Daktari alipochukua kalamu na kuuliza nani katika familia, sikungoja amalize. "Andika mimi," nilisema. Na tangu siku hiyo Ghati anacheza nje mpaka magharibi, jua la Bibi lisije likaniletea kesi.

Alichokiogopa Ghati ni shule. Miwani ingefika, wenzake wangemcheka, na alikuwa ameapa hataivaa. Kwa hiyo juzi, nikishona kile kifungo nilichokipata kwenye kopo moja na miwani ya babu yake, nilimsimulia yote haya. Alicheka sana kwenye maksai. Kwenye miwani iliyowekwa mfukoni aliichukua ile ya babu yake, akaikunja na kuikunjua.

Jana asubuhi, miwani yake ikiwa imeshafika, nilimsindikiza mpaka lango la shule. Alitazama uwanja uliojaa watoto, akaivua miwani, akaiweka mfukoni, akaenda. Nilisema moyoni, basi, ni mjukuu wa Baba. Lakini katikati ya uwanja alisimama. Akaitoa, akaivaa, akaendelea mpaka mlango wa darasa, na pale akageuka kunitafuta. Tulikuwa mbali, uwanja mzima katikati yetu. Sijui kilichonituma, nilivimbisha mashavu, nikabana macho, nikabinua midomo, mtu mzima mimi, mbele ya walimu.

Ghati akainua kidole. "Mama," alipiga kelele, na shule nzima ikageuka, "hiyo nimeiona!"